Swali la Saba na Usalama wa Taifa

Taifa letu liliwahi kuwa hatarini kwa miezi minne hivi, na waliolihatarisha walikuwa wanawake wa vijijini waliovaa khanga. Najua, kwa sababu nilikuwemo katika kikundi cha wataalamu kilichoigundua hatari hiyo. Niseme mapema kwamba hatari yenyewe niliitengeneza mimi, kwa kalamu yangu, siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ni ofisa wa ngazi ya kati katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Ofisi siitaji, maana tulikula kiapo cha kutunza siri, ingawa mama anayeniuzia maandazi kule Area D ninakokaa hujua tarehe za vikao vyetu vya siri kabla yangu. Tuliitwa watu kumi na wanne tuandike mwongozo wa usalama wa kaya, kipande kidogo cha sera kubwa ya usalama wa taifa: nani anaishi wapi, ametoka wapi, na tutajuaje kwamba ni mwenzetu. Maelekezo kutoka juu yalikuwa mafupi. Sera iwe na mizizi katika mila na desturi zetu, tusinakili ya watu. Hilo lilitufurahisha sana. Kila mtu pale mezani alikuwa na mila zake, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kwenda kusoma chochote.

Siku ya kwanza tu tulipata somo kuhusu mila na usalama, ila hatukuliandika. Getini mlinzi alitupekua sisi vijana mpaka kwenye mifuko ya kalamu. Nyuma yetu akaja mzee asiyejulikana, amebeba mfuko wa rambo uliovimba. Mlinzi akasema shikamoo, mzee akasema marahaba, akapita moja kwa moja mpaka kwenye ukumbi wetu wa siri, akakaa, akasikiliza nusu ya ufunguzi. Nani angemuuliza mzee wa watu anatafuta nini? Ilipofika zamu ya kujitambulisha ndipo ikajulikana kwamba alikuwa anatafuta ofisi ya pensheni na amekosea jengo. Mfuko ulikuwa na karanga. Alitugawia, tukala, tukaendelea kujadili jinsi ya kuwazuia watu wasiojulikana.

Tulikuwa na mshauri mwelekezi, msomi mwenye tai na sauti ya mahubiri. Aliandika ubaoni, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kisha akatuuliza apone ugonjwa gani. Majasusi wote, alisema, huingia nchini kama wageni, na sisi mgeni hatumuulizi jina mpaka ale, wala hatumuulizi shida yake mpaka alale. Asubuhi ameshapiga picha daraja. Daraja gani, hakusema. Tukaandika "daraja."

Kisha akauliza ni mila gani itakayomnasa mtu wa namna hiyo. Ukumbi ukawa kimya. Kwetu mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa, na mkubwa hasemi mpaka ajue mkubwa wake anafikiri nini, ndiyo maana vikao vyetu vina utulivu kuliko ibada. Mkuu wetu alikuwa anaangalia simu yake. Mimi nilikuwa nimeletwa pale kama mtaalamu wa mila, kwa sababu nimezaliwa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, na wenzangu wengi walikulia Dar es Salaam. Nikaona nisipoongea watajiuliza nimekuja kufanya nini.

Nikasema jasusi anaweza kukariri jina la baba wa uongo na la babu wa uongo. Lakini kwetu mwanamke akiolewa huwa mtu wa ukoo wa mumewe. Basi muulizeni jina la baba mkwe wake. Mke wa kweli anamjua, amempikia, amemfulia, pengine amemzika. Mke wa bandia atababaika.

Mshauri mwelekezi alisimama. "Hii sasa," alisema, "ndiyo sera iliyotoka kwenye udongo wetu." Mkuu akaweka simu chini, akasema kijana ameona mbali. Sina hakika kama umewahi kuambiwa na mkubwa kwamba umeona mbali. Hakuna pombe inayolevya kama hiyo. Swali langu likawa la saba kwenye fomu, na kwa ulevi ule ule nikaongeza kipengele chini yake: mhojiwa atataja jina hilo mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kuandikiwa wala kusaidiwa na ndugu. Nilijiona nimeziba mianya yote.

Mama aliyekuwa anatuhudumia chai, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, alikuwa amesikia. Alipofika kwangu aliinama na chupa yake.

"Mwanangu, hilo la baba mkwe mnamuuliza nani? Mkamwana?"

"Ndiyo, mama."

"Mkamwana atajibuje?"

"Atataja jina tu, mama."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyetoka nyumbani na shati nje ndani. "Haya," alisema. "Sukari vijiko vingapi?"

Nikasema viwili.

Kwa wale mliokulia mjini: kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Hakuna sheria iliyoandikwa, hakuna faini, hakuna askari. Halitamki tu, tangu siku anayoingia kwenye boma mpaka siku anayofukiwa. Atasema Mzee, atasema Babu wa Watoto, atasema Yule Mkubwa, na kila mtu ataelewa. Sisi wanaume tunalitaja tutakavyo, na ndiyo maana mtaalamu wa mila hakukumbuka. Jina la babu yangu nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote, wala sikuwahi kujiuliza nimelisikia kwa nani na sijalisikia kwa nani. Mezani tulikuwa kumi na wanne, wote tumezaliwa na wanawake, na wote tuliunga mkono hoja.

Fomu tuliijaribu kwanza Chemba. Swali la nne liliuliza idadi ya watu wa kaya, na mzee mmoja mfugaji akatuambia kwa upole kwamba watu hawahesabiwi kama mbuzi wa mnadani, na hata mbuzi wenyewe hawahesabiwi mpaka wafike mnadani. "Andika wapo," alisema. Tukaandika "wapo." Halafu nikamwendea mkamwana wake, mama wa watoto kadhaa ambao walikuwepo, nikamuuliza swali la saba. Akacheka. Akaangalia chini. Akashika pindo la khanga, akaziba mdomo. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio yake. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa hatua tano kutoka pale, akinitazama mimi, si yeye. Nikaandika, "Hajui."

Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Wachache waliokulia mjini walitaja bila shida, na nikawawekea alama ya vyema kwa furaha. Jioni nilipanga fomu zangu nikaridhika: swali linafanya kazi, linachuja watu. Fomu zikaenda vijiji vingine, wilaya nyingine, na sisi tukarudi Dodoma kusubiri.

Majibu yaliporudi, mshauri mwelekezi alituita kwa dharura. Milango ikafungwa, simu zikakusanywa kwenye kapu. Alisema amegundua jambo ambalo halijawahi kuonekana. Wanawake wa vijiji mbalimbali, wa dini mbalimbali, wasiojuana, wanakataa swali lile lile kwa namna ile ile. Wanacheka, wanatazama chini, wanaziba mdomo kwa khanga. Mmoja mmoja ungesema ni ujinga. Wote pamoja, wafanane hivyo hivyo?

"Wamefundishwa," alisema. "Kuna mtu amewafundisha."

Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Walikuwa wamefundishwa na mama zao. Lakini yeye alimaanisha mtandao, akauchora ubaoni kwa mishale myekundu, na katikati akaweka alama ya kuuliza kubwa kama sufuria. Mkuu aliandika taarifa siku hiyo hiyo kwenda juu. Neno "khanga" lilitajwa ndani yake kama kifaa.

Baada ya wiki kadhaa orodha ikaja, ya wale ambao wangeitwa mbele ya kamati kuhojiwa upya. Atakayeshindwa tena angewekwa katika kundi la wenye uraia wenye utata, na jina lake lisingeingia kwenye daftari la kijiji. Tulisomewa kijiji kwa kijiji, tukitia alama. Tulipofika Kibakwe, namba kumi na tisa alikuwa mama yangu.

Mkuki kwa nguruwe. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeunga mkono kila kitu, pamoja na mishale. Sasa nikaona uso wake, nikaona khanga yake, nikakumbuka kila kitu kwa mkupuo kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama ni mjane. Tangu baba afariki alikuwa anafuatilia hati ya shamba lake la maharage, na ndugu mmoja wa baba alikuwa anasubiri kwa subira kubwa karatasi yoyote itakayokwama. Asiye kwenye daftari la kijiji hapati hati. Mwanawe alikuwa amempelekea shemeji mwanya huo, wenye muhuri.

Nilimfuata mkuu kwenye korido.

"Mkuu, naomba dakika moja. Wale wanawake si mtandao. Ni adabu."

"Adabu gani?"

Nikamweleza. Nilimwona kabisa anakumbuka. "Hata mama yangu..." alianza, halafu akajizuia. Akaangalia huku na huku. "Kwa nini hukusema mapema?"

"Sikukumbuka, mkuu."

"Taarifa imeshapanda. Na taarifa ikishapanda haishuki, wewe si mgeni hapa. Niende nimwambie nani kwamba tumetishwa na heshima?"

Ningeweza kubisha. Ningeweza kuandika waraka kwa jina langu. Lakini kumwaibisha mkubwa wako kwetu ni kosa kubwa kuliko kumpoteza mama yako kwenye daftari, kwa hiyo nikasema nimekuelewa mkuu, nikaomba ruhusa ya siku tatu. Sababu niliandika "matatizo ya kifamilia." Akasaini bila kuniangalia.

Nilifika Kibakwe alasiri. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko mjini hawawapi chakula?"

Sikutaka kuzunguka. Nikamwambia najua ameitwa kesho, na kwamba jambo lenyewe ni dogo, ni neno moja, alitaje tu liishe.

"Neno moja," alisema. "Mzee wa watu amelala huko mlimani kimya, hajamsumbua mtu. Unataka nikamvue nguo mbele ya wageni?"

"Ameshafariki, mama."

"Kwa hiyo heshima imekwisha muda wake, kama dawa?"

Nikamwambia habari ya shamba, na kwamba baba mdogo anasubiri. Alisema anajua nani anasubiri nini, hahitaji kuletewa habari hiyo kwa basi. Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Mambo haya nani ameyaandika?"

"Ofisi."

"Ofisi hiyo haina mama?"

Niliona aibu, aibu yenyewe. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia swali ni langu na kipengele cha kutosaidiwa ni changu, na kwamba walinipigia makofi. Alitoa kijiwe kingine, na kingine. Alichambua ungo mzima.

"Ulikuwa mtoto msikivu," alisema mwishowe, akainuka kwenda kubandika maji.

Usiku ule alinipikia wali na maharage kama mgeni. Hakuligusa tena jambo lile, na mimi sikuthubutu.

Kamati ilikaa kwenye darasa la shule. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mwenzangu wa ofisini, mtu mwema tu, na pembeni yake kulikuwa na karani msichana mwenye pete ya ndoa kidoleni. Macho ya karani yalikuwa kwenye karatasi muda wote. Nadhani alikuwa anaomba asiulizwe yeye. Wanawake walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mbele ya mama aliitwa jirani yetu. Akaulizwa. Akacheka, akaangalia chini, akaziba mdomo. Akaulizwa mara ya pili na ya tatu. Karani akaandika "hajathibitika," na jirani akarudi kukaa, analia na kucheka kwa pamoja.

Akaitwa mama. Mwenyekiti alisimama kabisa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, hujambo mwanangu." Alimvutia kiti cha mwalimu badala ya dawati. Alimuuliza habari za mvua, za miguu, za mazao. Akampa pole ya kutembea. Heshima zote zilitimizwa moja baada ya nyingine, na zilipokwisha akamwomba aivunje iliyobaki.

"Mama, ni jina moja tu. La baba mkwe wako."

Nikasimama kule nyuma nilikokuwa nimekaa. Nikasema swali hili limekosewa, niliyelikosea ni mimi, na jina la mzee huyo mimi mjukuu wake nalijua, naweza kulitaja sasa hivi waandike tumalize. Watu waligeuka. Mwenyekiti aliinua mwongozo, akanisomea taratibu: mhojiwa atataja mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kuandikiwa wala kusaidiwa na ndugu.

"Kipengele kizuri sana," aliongeza kwa sauti ya chini, kwa huzuni kidogo. "Hakina mwanya."

Nikabaki nimesimama. Mama naye aliinuka. Alivua ndala, akaziweka pembeni ya kiti. Aliigeuzia kamati mgongo, akanigeukia mimi, akanitazama usoni bila kupepesa. Kisha akalitaja. Hakunong'ona. Alilitaja lote, herufi zote, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka bondeni. Wanawake kwenye madawati waliweka viganja midomoni, na karani akasahau kuandika.

Jina lile ni langu pia. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, na mimi ndiye wa kwanza. Kwa hiyo mama yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Wakati wa kunyonya, wakati wa kunichapa, wakati wa kunisindikiza shule ya bweni, nilikuwa "baba" tu, na mimi mtaalamu wa mila nikadhani ni kunidekeza. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, nimesimama kwenye darasa la watoto, na ndiyo kwanza nilisikia jina langu likitoka kinywani mwa mama yangu. Nikafanya kile ambacho mtu hufanya.

"Naam, mama," nikaitika.

Mwenyekiti akaniambia ninyamaze, mhojiwa hatakiwi kusaidiwa. Karani akaandika "amethibitika." Taifa likapumua.

Mama hakusubiri cheti. Alivaa ndala akatoka, na nilimkuta ameshafika barabarani, anatembea haraka kuliko umri wake, ameziba mdomo kwa khanga. Nilimfuata nyuma mpaka karibu na nyumbani ndipo nikapata ujasiri wa kumwambia asante.

"Sikukuita wewe, baba," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa namwomba radhi Mzee mwenyewe."